Aya Moja Niliyowauzia Watu Wengi

Kwa miaka mitatu nilikuwa yule dada wa steshenari. Kama ulitafuta kazi Dodoma kati ya 2019 na 2022 na ukashukia Jamatini na bahasha ya kaki mkononi, huenda tulionana: kibanda cha bluu, mashine ya fotokopi iliyoacha mstari mweusi upande wa kushoto wa kila karatasi, kompyuta moja, na mimi nyuma yake. Kopi shilingi mia. Kuskani mia tano. CV, kuandika na kuprinti nakala mbili, elfu mbili. Ukiwa mwanafunzi na ukajua kubembeleza, buku na nusu.

Shahada ninayo. Nilimaliza Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, 2018, biashara upande wa uhasibu, na nilipochukua kile kibarua nilimwambia mama kule Kibaigwa kwamba ni cha mwezi mmoja tu nikisubiri majibu. Majibu ya wapi, hata sikumbuki, maana nilikuwa nimetuma maombi kila mahali. Serikali ilikuwa imeshahamia, mji wa Serikali pale Mtumba unajengwa, Dodoma imeshapewa hadhi ya jiji tangu Aprili 2018, na kila basi lililoingia lilishusha watu walioamini kwamba makao makuu ya nchi hayawezi kukosa nafasi ya mtu mmoja. Walinzi, madereva, wahudumu wa ofisi, mafundi, wahitimu kama mimi. Wote walipita kwanza steshenari.

Sasa nikupe siri ya steshenari. Sisi hatukuwa tunaandika CV. Tulikuwa na faili moja kwenye kompyuta, jina lake "CV MPYA KABISA 2", na aliyelianzisha simjui, nililikuta. Mteja akija nafungua, nafuta jina la aliyetangulia, naweka lake, nabadilisha shule na miaka, nahifadhi nakala, naprinti. Juu kabisa, chini ya jina, palikuwa na aya moja ya Kiingereza ambayo sikuigusa hata siku moja. Kwa Kiswahili ingesomeka hivi: mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu, mwenye ari, ninayeweza kufanya kazi katika mazingira magumu bila kusimamiwa sana, na ninapenda kujifunza mambo mapya. Dereva aliondoka nayo. Muuguzi aliondoka nayo. Mzee wa miaka hamsini na kitu aliyekuwa anaomba ulinzi naye aliondoka nayo, na "kijana" yake humo humo.

Sikuona tatizo. Foleni ilikuwa ndefu, na watu walikuwa wanashukuru.

Aliyenifumbua macho ni kaka mmoja dereva, mkazi wa Nkuhungu. Alikuja siku ya mwisho ya tangazo, jasho linamtoka, "Dada nifanyie haraka, nafunga leo." Nikamfanyia kwa dakika kumi. Akalipa, akakimbia. Baada ya wiki kadhaa akarudi. Hakupiga kelele, angepiga kelele ningejisikia nafuu. Alivuta stuli akakaa, akanieleza kwamba aliitwa kwenye usaili wa kampuni aliyoomba, na jambo la kwanza aliloulizwa ni hili: mdhamini wako wa tatu ni muuguzi mkuu wa kituo cha afya, umefahamiana naye vipi? Hakumfahamu. Hajawahi kumwona. Alikuwa mdhamini wa mteja aliyetangulia, dada mmoja muuguzi, na mimi kwa haraka zangu nilifuta wawili nikamwacha wa tatu.

"Halafu wakaniambia nisome ile aya ya juu," akasema. "Nikaisoma. Wakasema haya, fafanua. Dada, mimi ile aya nilikuwa naiona kama nembo tu."

Nilifungua droo nimrudishie elfu mbili yake. Akakataa. Akasema, "Elfu mbili itanisaidia nini? Nitengenezee nyingine, ila safari hii tuandike wote."

Ndiyo ikawa CV ya kwanza niliyoandika maishani, ukiacha zile mia kadhaa nilizochapa. Alikuwa na tangazo jingine kwenye simu, la udereva serikalini, nikaliweka wazi mbele yetu. Nafasi za Dereva Daraja la Pili zikitangazwa huwa zinasema karibu maneno yale yale: kidato cha nne, leseni daraja la E au C, awe ameendesha magari kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na awe amepitia mafunzo ya msingi ya udereva ya vyuo vya VETA au NIT. Nikamuuliza kimoja kimoja, kama mtu anayejaza fomu ya hospitali.

"Umeendesha gari gani?"

"Fuso."

"Wapi na wapi?"

"Kibaigwa kwenda Dar. Mahindi. Nikirudi napakia chochote, saruji, mabati."

"Muda gani?"

"Miaka minne na nusu."

"Ajali?"

Akanyamaza kidogo. "Sijawahi. Labda mbuzi, pale Gairo. Nilimlipa mwenyewe."

Tulicheka, lakini mimi nilikuwa nimeshashtuka. "Bila kusababisha ajali" lilikuwa sharti limeandikwa wazi kwenye tangazo, na huyu alikuwa nalo, miaka minne na nusu kwenye barabara ile yenye malori usiku kucha, na CV niliyomuuzia haikulitaja hata kwa neno moja. Ilikuwa imetaja kwamba anapenda kutazama mpira na kusoma riwaya. Nikamuuliza kama anasoma riwaya. Akaniangalia tu.

Tukaandika: dereva wa Fuso, miaka fulani hadi miaka fulani, njia ya Kibaigwa hadi Dar es Salaam, bila kusababisha ajali, ukaguzi wa gari na matengenezo madogo njiani anafanya mwenyewe. Chini yake VETA, mwaka. Chini yake leseni, daraja, tarehe ya kuisha. Wadhamini watatu ambao nilimlazimisha awapigie simu pale pale kibandani kuwaomba ruhusa. Mmoja alikuwa ameshabadilisha namba tangu mwaka uliopita. Ile aya tukaifuta. Yote ikaenea ukurasa mmoja na robo, kwa Kiswahili, kwa sababu tangazo lenyewe lilikuwa la Kiswahili na kazi yenyewe ni ya Kiswahili. Kuna watu watabisha hapo, najua. Kampuni nyingi binafsi bado zinataka Kiingereza, na tangazo likija kwa Kiingereza lijibu kwa Kiingereza. Lakini usipeleke lugha ambayo ukiambiwa "fafanua" utabaki unatazama dari.

Tangu siku ile nikawa nauliza. Wateja wengine walikasirika, walitaka kuprinti waende. Bosi wangu naye hakufurahi, maana badala ya CV nane kwa asubuhi nikawa natoa tatu. Lakini ukianza kuuliza, unakuta hazina. Mama aliyeniambia hana uzoefu wowote kumbe amekuwa mhasibu wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, kwa miaka sita, anashika daftari na ufunguo mmoja wa sanduku. Kijana aliyeandika "sina kazi" alikuwa amejitolea zahanati ya kijiji mwaka mzima. Alipoulizwa mbona hakuandika, alisema, "Si nilikuwa najitolea tu, dada." Hiyo "tu" niliisikia mara nyingi kuliko neno lingine lolote pale kibandani. Nilisaidia tu. Nilimshikia kaka duka tu. Nilikuwa fildi tu.

Na tukiacha hazina, kuna takataka. Dini, kabila, idadi ya watoto, jina la shule ya msingi, yote yalikuwa humo, na hakuna tangazo nililowahi kuona likiyauliza. Barua pepe yenye jina la mshambuliaji wa Simba na mwaka wa kuzaliwa. Jina lililoandikwa kwa namna tatu, moja la cheti cha kuzaliwa, jingine la kidato cha nne, jingine la kitambulisho cha taifa cha NIDA. Huyo nilimwambia kabla ya CV akashughulikie hati ya kubadili jina kwa mwanasheria, maana usaili wa serikali wanalinganisha majina kwenye vyeti halisi, na ukifika pale hakuna wa kumbembeleza. Wengine walikuja na karatasi za matokeo za shule badala ya vyeti, wakati matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yameandika kabisa kwamba hati za matokeo hazikubaliki. Lilikuwa limeandikwa! Watu hawasomi tangazo. Wanasoma jina la cheo na tarehe ya mwisho.

Mimi mwenyewe sina cha kujivunia. Desemba 2019 nilisambaza CV zangu thelathini na kitu kwa mkono, ofisi kwa ofisi, kuanzia mjini hadi Area D. Januari 20, 2020 ikawa mwisho wa kusajili laini kwa alama za vidole, na mimi sikuwa na namba ya NIDA. Nilikuwa kila siku nasema kesho nitakwenda kwenye foleni. Laini ikafungwa. Nikanunua nyingine baadaye nilipopata namba, nikaendelea na maisha. Miezi ikapita ndipo rafiki niliyesoma naye akaniambia, kama habari ya kawaida, "Kuna ofisi walikutafuta Februari, simu haipatikani, wakachukua mwingine." Mtu niliyekuwa nawaambia wateja "hakikisha namba zako" nilikuwa na karatasi thelathini mtaani zenye namba iliyokufa. Sikuzunguka tena kuzibadilisha. Niliona aibu.

Kingine kilichonipa aibu nilikigundua mwishoni. Kwenye kompyuta ile kulikuwa na CV za watu mamia, majina, namba za simu, tarehe za kuzaliwa, nyingine na nakala za kitambulisho cha taifa, na mteja yeyote aliyekuja na flashi angeweza kuondoka nazo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipopitishwa 2022 nilikuwa nakaribia kuondoka. Siku yangu ya mwisho nilifuta kila kitu. Ukitengenezewa CV steshenari, kaa hapo hapo mpaka ifutwe mbele ya macho yako. Usione haya.

Kuondoka kwenyewe kulikuja hivi. Agosti 2022 nilikuwa karani wa Sensa, nilihesabu watu Bahi na kishikwambi mkononi, jua la Bahi unalijua. Niliporudi nikakaa kwenye ile kompyuta nikajifanyia kilekile nilichomfanyia dereva. Nilikuwa na tangazo la kampuni moja ya kukamua mafuta ya alizeti, walitaka msaidizi wa hesabu. CV yangu ya zamani ilianza na masomo niliyosoma UDOM, mstari mrefu wa majina ya kozi. Nikaufuta. Nikaandika kwamba kila msimu wa mavuno tangu kidato cha tano nilikuwa naandika magunia ya baba mdogo sokoni Kibaigwa, yaliyoingia, yaliyopimwa, yaliyolipwa, yanayodaiwa, na jioni nafunga hesabu ya fedha taslimu. Lile jambo sikuwahi kuliandika popote. Nililiona la nyumbani. Nikaweka Sensa. Nikaweka steshenari pia, ambayo nilikuwa naificha, na kwamba nilikuwa nafunga hesabu ya siku. Kwenye usaili hawakuniuliza kozi hata moja. Waliniuliza gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo, unaliandikaje kwenye daftari. Nikaeleza hadi mmoja akasema inatosha.

Basi mwaka jana kampuni ikatafuta mtunza stoo. Tangazo likabandikwa getini, likaingia kwenye makundi ya WhatsApp, na ndani ya wiki bahasha zikajaa boksi mbili za mafuta. Mama Meneja akaniita saa nane mchana, baada ya chakula. "Mwanangu, nitolee kumi kabla ya saa kumi." Nikahesabu: mia mbili na kumi. Piga hesabu mwenyewe. Ni kama nusu dakika kwa kila bahasha, na humo humo kuna kuifungua.

Nilikuwa nimekaa upande mmoja wa karatasi hizi kwa miaka, sasa nikakaa upande wa pili, na sikujipenda. Nilianza kwa nia njema, nasoma kila mstari. Baada ya bahasha kumi na tano jicho lilikuwa limeshajifundisha njia yake: linaruka jina, linaruka aya ya juu, linatafuta neno "stoo". Likilikuta linatafuta wapi. Kisha miaka. Kisha linashuka chini kuona namba ya simu. Kama "stoo" iko ukurasa wa tatu baada ya shule ya msingi, pole sana, jicho halifiki. Feni ilikuwa inapeperusha karatasi, vidole vimekauka, na mtu aliyeandika kwa herufi ndogo ili aenee ukurasa mmoja alinikera kana kwamba amenitukana.

Na ile aya ilikuwa humo. Mchapakazi, mwaminifu, mazingira magumu, bila kusimamiwa sana. Nilihesabu hadi kumi na tisa nikaacha. Nilikuwa nimefuta faili kwenye kompyuta yetu, lakini kumbe lilikuwa limeshasafiri kwa flashi kwenda vibanda vingine, pengine hadi Nzuguni na Ihumwa huko. Sina hakika zote zilitoka kwangu. Ila moja nilijua imetoka kwangu, kwa sababu chini kabisa, mdhamini wa tatu, alikuwepo yule muuguzi mkuu wa kituo cha afya. Mama wa watu amekuwa mdhamini wa mji mzima bila habari.

Kuelekea saa kumi nilikuwa na tisa. Ya mwisho mkononi ilikuwa karatasi mbili za daftari, za mistari, zimeandikwa kwa kalamu ya bluu. Mwandiko mzuri, wa watu waliochapwa viboko kwa sababu ya mwandiko. Nakiri niliipeleka kwenye rundo la kuacha. Nani anaomba kazi kwa karatasi ya daftari siku hizi? Neno "stoo" ndilo lililoturudisha, mimi na mkono wangu. Lilikuwa mstari wa pili, chini tu ya jina.

Aliandika kwamba alikuwa mtunza stoo wa chama cha msingi cha ushirika wilayani Mpwapwa, 2015 hadi 2021, ufuta na alizeti. Kisha: "Msimu wa 2019 nilipokea magunia 1,140. Nilitoa 1,138. Mawili yaliloa mvua, paa lilivuja, hati ya uharibifu ipo na nakala ninayo." Hakuwa na aya ya kujisifu. Hakuwa na anachopenda kufanya akiwa na nafasi. Wadhamini watatu, kila mmoja na maneno mafupi: huyu alikuwa mwenyekiti wangu, huyu alinikabidhi stoo, huyu nilimkabidhi.

Nikampelekea Mama Meneja zote kumi, hiyo nikaiweka chini kabisa, nikiona haya kidogo. Alizipitia akiwa amesimama. Tisa za kwanza alizipanga mezani bila neno. Ya kumi akaisoma, akarudia, akakaa.

"Huyu kaandika hasara," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mwenyewe. Hajaulizwa." Akagonga kidole pale palipoandikwa magunia mawili. "Hawa tisa wote hawajawahi kupoteza hata gunia moja. Unawaamini?"

Sikujibu. Akanisogezea karatasi. "Mpigie sasa hivi."

Pembeni ya namba ya simu alikuwa ameandika: "Ni ya jirani, hupokelewa wakati wote." Nikapiga. Iliita mara nne, nikaanza kukumbuka ile Februari yangu. Mara ya tano akapokea mtoto.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Namwulizia jirani yenu, mzee aliyekuwa mtunza stoo."

"Babu Stoo? Yuko kwa fundi baiskeli, siyo mbali. Nimkimbilie?"

Nilimgeukia Mama Meneja. Alikuwa ameshavua miwani, anapangusa.

"Mwambie akimbie," akasema. "Tunasubiri."